Marita na Friza ya Lucy

Wivu wa Marita ulianzia kwenye kikombe cha maji. Hapa Lyulilo wengi watakwambia ulianza siku friza ya Lucy iliposhushwa kutoka kwenye lori, lakini mimi nilikuwepo siku hiyo, na Marita ndiye aliyeishika upande wa nyuma ili isikwaruze mlango. Siku ile roho yake ilikuwa bado nyeupe. Ubaya ulikuja baadaye, mchana mmoja wa joto, mume wake Prosper alipomaliza kula, akautazama mtungi wa maji uliokuwa pale pembeni, akaupita kwa macho kana kwamba haupo, akanyanyuka na jagi kwenda kwa Lucy kuomba maji ya baridi. Hakurudi haraka. Alikaa huko kwenye benchi, anakunywa na kucheka, na Marita akawa anaisikia sauti yake kupitia migomba.

Mtungi ule Marita aliufinyanga kwa mikono yake. Asiyejua ufinyanzi ataona ni jambo dogo, basi nieleze. Sisi Wakisi wa huku chini ya milima, mwanamke hasifiwi sana kwa sura wala kwa mapishi; anasifiwa kwa vyungu vyake. Marita alifundishwa na shangazi yake, maana mama yake alifariki mapema, na shangazi huyo alikuwa mkali kweli. Chungu kikienda upande alikibonyeza kwa ngumi na kusema, anza tena. Marita akaanza tena na tena mpaka mikono ikatii. Alipoolewa na Prosper kwenye nyumba ya Mzee Yotamu, wanunuzi wa Tukuyu walikuwa wakimuulizia kwa jina kwenye soko la Jumamosi. Maji ya mitungi yake yalikuwa yanapoa mpaka meno yanashtuka. Mimi Veronika ni jirani yake, nafinyanga naye, na sokoni mkeka wangu uko kando ya mkeka wake, kwa hiyo nikisema hakuna aliyemfikia, najua ninachosema na wala sikifurahii.

Kisha akaja Lucy. Lucy aliolewa na Ezekiel, mdogo wake Prosper. Wake hao wawili wanaishi uwanja mmoja na baba mkwe wao ni mmoja. Lucy ni mwembamba, mwepesi wa kucheka, na ana tabia moja ambayo hata mimi hunichosha: anapendwa na kila mtu bila kujisumbua. Mpaka mbwa wa watu wanamfuata. Mwaka wa kwanza hata Marita alimpenda, akamwonyesha wapi pa kukata kuni na nani wa kumkwepa kwenye kwaya ya kanisani.

Halafu kampuni ya Mwanga wa Ziwa ikajenga mitambo yake ya sola juu ya kijiji, ikasimamisha nguzo na kuvuta nyaya nyumba kwa nyumba. Sote tulitia saini mikataba. Ilikuwa na maandishi madogo madogo, na hakuna aliyeyasoma, maana macho yetu yote yalikuwa kwenye taa. Wengi tuliishia kwenye balbu na kuchaji simu. Mimi nikanunua redio nzuri ya kuchomeka ukutani. Ezekiel yeye aliuza ng'ombe alioachiwa na mama yake, akaenda Kyela mjini na kurudi na friza.

Mambo yakageuka pale uwanjani. Wavuvi wakawa wanampelekea Lucy samaki wa ziwani, mbasa, asubuhi, anawagandisha, na watu wa hoteli za Matema wanakuja kuwachukua. Watoto wakawa hawabanduki kwa ajili ya barafu za ubuyu. Wageni waliozoea kusimama kwa Marita kutazama vyungu vikianikwa, sasa walikuwa wanapita moja kwa moja wakiulizia soda baridi. Niseme wazi: Lucy hakumchukua Marita mume, wala wazo hilo hakuwa nalo. Prosper alifuata maji na maongezi tu. Lakini siku moja Marita aliniambia, "Heri angefuata mwanamke. Mwanamke ningempiga. Sasa maji ya baridi nitayapigaje?"

Wivu wa mtu na mtu unaeleweka, unatukana, unatukanwa, mnapatanishwa na mchungaji. Wivu wa Marita ulikuwa wa mtu na mlio wa mfuniko. Kila friza ilipofunguliwa kule ng'ambo ya migomba, mkono wake ulisimama juu ya udongo. Hakuonja barafu ya Lucy hata siku ambazo jua lilikuwa linatukausha midomo. Alikunywa maji ya mtungi wake kwa sauti, guu, guu, ili asikike, kisha ananipa na mimi na kuniuliza kama kuna maji matamu kuliko hayo. Nikawa nasema hakuna, ningefanyaje, na jioni nikapita kwa Lucy kimyakimya na kikombe changu.

Sasa sikia habari ya waya. Nguzo moja ya kampuni ilisimama katikati ya nyumba zao, na chini yake Marita alizoea kuanika vyungu. Asubuhi moja upepo wa ziwani ulivuma, akainua macho, akaona waya mmoja unachezacheza pale juu ulipofungwa na unatoa cheche. Aliogopa kwa sababu ya nyasi kavu alizokuwa amelundika za kuchomea vyungu. Bahati nzuri Yusto, fundi wa kampuni, akapita na pikipiki yake.

"Mwagonile, mama," Yusto akasalimia.

"Ugonile, mwanangu. Hebu tazama waya wako huo. Unatema moto."

Yusto akakunja jicho. "Umelegea. Nitarudi na ngazi."

"Utarudi lini?"

"Mama, si nimeshasema nitarudi?"

Hakurudi. Jumapili Marita alimkamata mlangoni mwa kanisa akamkumbusha, Yusto akasema kesho. Hiyo kesho akaondoka zake kwenda Bujonde kumsaidia baba yake kukausha kakao, na huko akakaa. Wala Marita hakumwambia mtu mwingine, maana aliona limekwisha. Kamwambia mwenye waya.

Siku chache baadaye upepo ukarudi mchana, mkali, ule unaopindua mikeka. Waya ukachomoka. Umeme ulipanda ghafla, balbu zikapasuka nyumba baada ya nyumba, redio yangu ikatoa moshi katikati ya mahubiri, na friza ya Lucy ikalia mlio mmoja kama mtu aliyekanyagwa mguu, kisha ikanyamaza. Ilikuwa imejaa mbasa mpaka juu.

Lucy alilia kidogo, akajifuta, akaanza kugawa samaki kabla hawajaharibika. Ndivyo alivyo. Alizunguka na beseni kichwani, nyumba hii wawili, nyumba ile watatu, na kwa Marita aliacha mbasa mkubwa kuliko wote. Marita alimpika kwa nyanya na maziwa ya nazi. Aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake hajawahi kula samaki mtamu kama yule, na kwamba kilichomtia utamu si nazi.

Wiki hiyo Prosper alikunywa maji ya mtungi.

Sisi tuliounguliwa vitu tulipiga kelele mpaka kampuni ikatuma mwanasheria wake, binti wa watu anaitwa Asifiwe. Tulikutana mchana katika darasa la shule ya msingi, wakubwa tumebanana kwenye madawati ya watoto. Mzee Yotamu, baba mkwe wao Marita na Lucy, alikaa mbele kwa kuwa ni mwenyekiti wa kamati ya umeme ya kijiji. Yusto alisimama mlangoni, hakuingia wala hakutoka. Asifiwe alitusalimia vizuri kwa Kinyakyusa, kisha akafungua mkataba na kutusomea kifungu ambacho wote tulikuwa tumekitia saini.

"Mtoa huduma hatawajibika kwa hasara yoyote itakayompata mteja kutokana na kukatika, kupungua au kupanda kwa umeme," akasoma, "isipokuwa ikithibitika kwamba mtoa huduma alikuwa na taarifa ya hitilafu hiyo, akazembea kuirekebisha."

Darasa zima likaguna.

"Yaani mmeunguza vitu vyetu na hamlipi?" Ezekiel akauliza.

"Kaka, nisikilize," Asifiwe akasema, wala hakuwa na kiburi. "Kampuni hii ni ndogo. Upepo wa ziwa lenu mnaujua. Ikiwa kila upepo ukivuma tunalipa friza, redio na televisheni za kijiji kizima, mwaka hauishi tumefunga, tumeng'oa nguzo, na ninyi mmerudi kwenye koroboi. Kifungu hiki kipo ili umeme uendelee kuwepo. Kosa la upepo hatulibebi. Kosa letu, tukilijua tukalinyamazia, tunalibeba."

Lucy akasimama. Alisema kwa upole, na upole wake huo ndio unaokera. "Mimi sina ugomvi na kampuni. Ila ng'ombe wa mama mkwe wangu wamekwisha, ndio waliogeuka friza. Ezekiel anasema atakwenda Kasumulu kubeba mizigo mpakani. Akienda, sijui atarudi lini. Ndiyo shida yangu, basi."

Hapo damu ilinichemka. Nikawaza redio yangu, nikasimama na mimi.

"Mwanasheria, nisikie. Sisi ni wafinyanzi. Mtu akija kununua chungu anakigonga kwa kidole, anasikiliza kinavyolia, akiridhika analipa. Kikimpasukia njiani kwenye pikipiki, hatumrudishii, na hatuna aibu, alishakigonga mwenyewe. Lakini kama mimi nilijua kina ufa, nikaupaka udongo na kunyamaza, hapo nimemwibia. Nitamfinyangia kingine hata kama ameondoka nacho mpaka Mbeya. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi hapa. Na ninyi fanyeni hivyo!"

Watu wakapiga makofi. Nilikaa nimevimba kama mbunge. Lakini Asifiwe naye alikuwa anatabasamu.

"Mama, hicho ulichosema ndicho kifungu chenyewe, ila wewe umekisema vizuri zaidi," akasema. "Basi tuko pamoja. Nionyesheni mtu aliyejua ufa. Kuna yeyote hapa aliyemwambia mfanyakazi wa kampuni kwamba waya ule umelegea, kabla haujachomoka? Akisimama mmoja, mimi nabeba friza."

Hakuna aliyesimama. Tulitazamana. Yusto akatazama viatu vyake. Na mimi, ambaye sikujua lolote, niligeuka kumtazama Marita kwa sababu nguzo ile iko mlangoni kwake, nikaona jambo la ajabu. Marita alikuwa amejifunika khanga kichwani mpaka usoni, amegeukia ukuta, ameinama kama bibi harusi.

Nieleze tena. Kwa mila ya huku, mke hamtazami baba mkwe wake usoni, wala hasemi mbele yake. Akimwona njiani anapita vichakani. Bibi zetu waliishika mila hiyo mpaka kaburini. Siku hizi ni wachache wanaoifuata, na Marita hakuwa mmoja wao hata kidogo. Marita ni yule aliyekuwa akimpelekea Mzee Yotamu ugali mkono kwa mkono na kubishana naye kwa sauti kuhusu mbuzi waliokula mihogo. Siku ile mila zilimjia zote kwa pamoja.

"Mama Marita," Asifiwe akaita, maana naye alishaambiwa nguzo iko kwa nani, "wewe hukuona kitu?"

Khanga ikatikisika. Mwanamke mmoja mzee akadakia, "Mwacheni, hawezi kusema. Baba mkwe yuko mbele." Na Mzee Yotamu mwenyewe, ambaye hajawahi kupewa heshima hiyo tangu Marita aingie nyumbani kwake, akaguswa, akageuza uso kando ili asimtie mkwe wake aibu. Asifiwe ni mtu wa Tukuyu, mila anazijua, hakumsukuma. Alifunga mkataba wake akasema hakuna ushahidi, kwa hiyo hakuna fidia, lakini akipatikana shahidi siku yoyote kamati imwite naye atakuja.

Tulitoka hivyo. Redio yangu nikaigeuza mahali pa kuwekea taulo.

Marita aliniambia baadaye kilichokuwa chini ya ile khanga. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni, "nilimwambia Yusto mimi mwenyewe," na alijua yakitoka tu friza inarudi, na foleni inarudi, na jagi la Prosper linarudi. Akayameza. Alisema yalishuka kooni yakiwa matamu kuliko yule mbasa. Alitaka kuona Lucy akiishi kama watu wengine, bila mfuniko wa kufungua na kufunga, basi. Ezekiel kwenda Kasumulu hakulitaka, ila alilihesabu kuwa si kosa lake.

Ezekiel akaenda. Lucy akabaki peke yake na friza iliyokufa. Aliifungua wazi ipigwe na hewa, akahifadhia mchele humo. Siku chache hakucheka, na Marita alianza kumhurumia kidogo, huruma ile tamu unayompa mtu aliyekwisha kuanguka. Akampelekea hata maji ya mtungi. "Kunywa, mdogo wangu, haya hayahitaji waya."

Lucy akanywa. Akautazama mtungi, akauzungusha, akaugonga kwa kidole. Kesho yake akaja kwenye shimo la udongo na jembe.

Jamani, kuna kitu sote tulikuwa tumekisahau kwa sababu Lucy mwenyewe hakukitaja. Lucy amezaliwa Ikombe, na Ikombe hakuna msichana asiyefinyanga. Huko wanafinyanga kabla ya kujua kusuka nywele. Aliuacha udongo alipoolewa kwa sababu aliona uwanja ule tayari una mfinyanzi, na hakutaka kushindana na dada mkubwa wa nyumba. Alituambia hivyo akikanda udongo kwa miguu, anacheka tena, matope mpaka magotini. Marita akachekea pembeni, maana alijua mkono ulioacha udongo miaka mingi unarudi mgumu.

Mkono wa Lucy haukurudi mgumu. Alikuwa anazunguka chungu kinyumenyume, mbio mbio, mgongo umeinama, gunzi la kulainishia amelibana kwa meno, na chungu kinainuka chembamba mpaka unaogopa kukishika. Alipovichoma havikupasuka. Jumamosi alitandika mkeka wake upande wa pili wa Marita, akawa Marita yuko katikati yetu, na mnunuzi wa Tukuyu, yuleyule wa siku zote, akaja, akamsalimia Marita kwa jina, akainama kugonga chungu cha Lucy. Kililia kama kengele. Akagonga kingine. Kisha akaita mwenzake aje asikie.

Nilimtazama Marita. Uso wake ulikuwa umekauka kama chungu ambacho bado hakijaingia motoni. Hapo kwanza alikuwa na wivu wa maji baridi, ambayo si kazi yake na wala hakuyajua. Sasa alikuwa ameguswa pale pale alipokuwa anaishi. Alirudi nyumbani na mitungi yake kichwani. Prosper akampokea, akaitua mmoja mmoja, na kwa nia njema kabisa, wanaume jamani, akasema, "Uzito huu! Vyungu vya Lucy ni vyepesi, nimevibeba asubuhi."

Jumatatu tulikuwa shimoni, yeye na mimi tu, ndipo alipopasuka. Alinieleza yote: waya, Yusto, mlango wa kanisa, khanga. Aliyasema huku anachimba, kila neno na jembe lake, na hakuomba nisiseme.

"Yaani ulijua?" nikamwuliza. "Ulikaa pale ukijua, na mimi nasimama kuhubiri habari za ufa kama mjinga? Na redio yangu je?"

"Redio yako nilisahau," akasema.

"Ulisahau! Ezekiel yuko mpakani anavunja mgongo, wewe unasahau! Una roho mbaya, Marita."

"Ninayo," akasema. "Sasa nisaidie. Nataka friza yake irudi."

Nilidhani amejuta. Nikamtazama vizuri, nikaona si majuto hata kidogo. Macho yake yalikuwa makavu na yana haraka. Alitaka friza irudi ili Lucy aifuate, atoke kwenye udongo, arudi kwenye mbasa na barafu zake za ubuyu, na mkeka ule wa tatu ukunjwe. Wivu ule ule uliomfunga mdomo ndio uliokuwa unaufungua. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaketi kwenye matope. Halafu nikakumbuka redio, nikamwambia twende.

Kamati ilikutana nyumbani kwa Mzee Yotamu, Asifiwe akaja na Yusto. Marita aliingia kichwa wazi, khanga kiunoni, akasimama mbele ya baba mkwe wake hatua chache tu, akamtazama usoni, akasema yote kwa sauti ya kuuza sokoni. Siku gani aliona cheche, Yusto alijibu nini, kanisani walisimama upande gani wa mlango.

"Mbona hukusema siku ile darasani?" Asifiwe akamwuliza.

"Baba mkwe alikuwepo."

"Na leo?"

"Leo pia yupo," Marita akasema.

Asifiwe akainamia karatasi zake ili asionekane anavyocheka. Kisha akamgeukia Yusto. Yusto hakubisha. Alisema ni kweli, mama alimwambia, akamwambia tena, na mara zote aliitikia. Mwanasheria akasema kwamba kifungu kinailinda kampuni dhidi ya upepo, hakiilindi dhidi ya fundi aliyeambiwa, na friza atailipia. Yusto akashushwa cheo. Sasa anaosha paneli kule juu. Wote wenye risiti walilipwa. Mimi risiti ya redio niliwashia moto wa vyungu zamani, kwa hiyo sikupata kitu, na jambo hilo Marita nitamkumbusha mpaka nife.

Kijiji kizima kikamsifu. Wanawake waliimba kuhusu mkwe aliyevunja mila kwa kumpenda mwenzake. Mchungaji alimtaja kwenye ibada, wivu haujengi, akasema, tazameni dada yetu Marita. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nyuma, nikajiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Mzee Yotamu akampa mbuzi, mmoja wa wale wala mihogo. Marita alipokea yote kwa shingo upande, macho yake yako barabarani yanangoja lori.

Lori likaja. Friza mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, na Ezekiel alirudi nayo kutoka Kasumulu akiwa amekaa juu yake, meno yote nje. Lucy hakuitazama. Alimfuata Marita kwenye kibaraza, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, dada. Ndaga fijo," akashukuru, na machozi yakamdondoka kwenye vidole vya Marita vyenye udongo. Marita akamwinua haraka. "Basi, basi," akasema. "Nenda kaiwashe."

Usiku huo alilala vizuri, aliniambia. Asubuhi tulikwenda kwenye kivuli chetu cha kufinyangia mapema, tukatandika mikeka miwili kama zamani, na Marita alikuwa anaimba. Kutoka ng'ambo ya migomba mfuniko wa friza ulifunguliwa, ukafungwa, na safari hii mkono wake haukusimama. Prosper alipita na jagi lake, akamsalimia vizuri kabisa. Ndipo tukamwona Lucy anakuja, gunzi mkononi, mkeka kwapani.

"Friza si inafanya kazi?" Marita akauliza, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Inafanya, dada. Nimemwachia Ezekiel, ndiyo kazi yake sasa, hatakwenda tena mpakani." Lucy akakunjua mkeka. "Mimi nimesema siendi popote. Mtu aliyenisimamia mbele ya baba mkwe, nitamwachaje afinyange peke yake? Nitakaa na wewe hapa mpaka tuzeeke."

Marita alinitazama. Mimi nikatazama udongo, maana ningemtazama yeye ningekufa kwa kucheka, na nadhani pia ningelia kidogo. Kisha Marita akasogea pembeni. Lucy akakaa katika nafasi ile, akanyoosha mkono, akamega udongo kwenye bonge la Marita, akaanza kufinyanga.